Picha za kale za ubao kanisani kwetu Tabora zinapinda na kubanduka rangi

Msakristia, Tabora

Ndugu zangu, amani iwe kwenu.

Mimi ni msakristia wa kanisa la zamani lililo nje kidogo ya mji wa Tabora, na ninaandika nikiwa na mzigo moyoni. Kanisani kwetu kuna picha 14 za vituo vya Njia ya Msalaba zilizochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao za mwaloni, ambazo wazee wanasimulia kuwa zililetwa na wamisionari kutoka Ulaya kwa meli, kisha kwa reli, muda si mrefu baada ya reli kufika hapa mwaka 1912. Kila picha ina upana wa karibu sentimita 60, na imeundwa kwa mbao mbili zilizogundishwa ubavu kwa ubavu. Mbele kuna tabaka jeupe kama chaki, na juu yake rangi; nyuma ni mbao tupu, haikupakwa chochote.

Kwa miaka yote niliyozitunza, na kwa kadiri anavyokumbuka mzee aliyenitangulia, picha hizo zilitulia ukutani bila kumsumbua mtu. Lakini kiangazi cha mwaka jana, na sasa hiki cha mwaka huu kinachotuishia, mambo yamebadilika. Alasiri za Oktoba, kanisa likiwa kimya, nasikia mlio mkavu kutoka ukutani kama kijiti kinachovunjwa. Rangi imeinuka katika matuta membamba yanayofuata nyuzi za mbao, na chini ya kituo cha sita, pale Veronika anapopangusa uso wa Yesu, nimeokota vipande vya rangi sakafuni. Picha mbili zimetoa kifua mbele, na kituo cha kumi na moja kimeachia kwenye kiungo, upenyo ambao ncha ya kisu inaingia.

Ushauri nilioupata ni wa aina tatu. Fundi wetu anataka kupiga vipingo viwili vya mninga nyuma ya kila picha, kwa gundi na skrubu, ili zinyooke. Kamati ya ujenzi imepata mfadhili wa kiyoyozi, na wanapendekeza kiwashwe siku za Jumapili. Mwanakwaya mmoja anasema mbao zina kiu, tuzipake mafuta. Sitaki kugusa chochote kabla sijaelewa, kwa kuwa nikikosea hakuna picha nyingine ya kubadilishia.

Nitaje na jambo moja ambalo huenda halihusiki: miaka miwili iliyopita paa la vigae liliondolewa kwa kuwa lilivuja na mbao zake zililiwa na mchwa, tukaezeka mabati. Dari ya zamani ilikuwa imeoza, nayo haikurudishwa kwa sababu fedha zilikwisha.

Mhifadhi Mstaafu, Kigoma

Mwanangu, umefanya vyema kutogusa. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi katika vyumba vya makusanyo ya makumbusho, na vitu vingi nilivyoviona vikiharibika viliharibiwa na mkono uliokuwa na haraka ya kusaidia. Nitaanza na hilo ulilosema huenda halihusiki, kwa maana ninaamini ndilo chanzo: ni paa.

Mbao, hata ikikatwa miaka mia tano iliyopita, haiachi kuvuta na kutoa unyevu. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, yaani nusu ya mvuke inaoweza kubeba katika joto hilo, mbao hutulia ikiwa na maji ya takriban asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukipanda hadi 80 na kukaa hapo, mbao hufika karibu 16. Ukishuka hadi 30, mbao hushuka karibu 6. Ikivuta maji huvimba, ikiyatoa husinyaa, lakini haifanyi hivyo sawasawa kila upande. Kwa urefu, kufuata nyuzi, haisogei kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana ndipo penye hatari, na kule kunakofuata mzingo wa pete za mti mwaloni husogea mara mbili au zaidi ya kule kunakotoka kiini kwenda gome. Ubao wa mwaloni wenye upana wa sentimita 60, uliopasuliwa kwa kufuata mzingo wa pete, ukishuka kutoka asilimia 13 ya maji hadi 9 hupungua karibu milimita 9. Uliopasuliwa kutoka kiini kwenda gome hupungua karibu milimita 4.

Sasa fikiria rangi iliyokaa juu yake. Tabaka lile jeupe ni chaki au jasi iliyochanganywa na gundi ya ngozi, na juu yake rangi ya mafuta iliyokauka kwa miaka mia moja hadi ikawa ngumu kama ganda la yai. Hilo halisinyai pamoja na mbao. Mbao inapojikunyata chini yake, rangi hukosa mahali pa kukaa, nayo huinuka. Ndiyo maana matuta uliyoyaona yanafuata nyuzi: rangi imebanwa kutoka pande mbili ikasimama kama paa la hema. Mahali hapo pana uwazi chini, na kitambaa cha vumbi kikipita mara moja tu, kipande kinaondoka.

Kutoa kifua nako kuna sababu yake. Mbele pamefunikwa, nyuma ni wazi, kwa hiyo mgongo wa picha ndio unaovuta na kutoa unyevu upesi. Masika mgongo hutaka kuvimba, lakini sehemu ya mbele iliyo kavu bado huuzuia, basi chembe za mbao za nyuma hubanwa na kupondwa kidogo. Kiangazi kikirudi, zile zilizopondwa husinyaa na kuwa fupi kuliko zilivyokuwa mwanzo. Mwaka baada ya mwaka mgongo unafupika na uso unasukumwa mbele. Picha nyingi za kale za Ulaya zimepinda hivyo, na Mona Lisa yenyewe, iliyochorwa juu ya ubao mmoja wa mpopla, mti wa Ulaya, imepinda na ina ufa wa zamani unaoteremka kutoka ukingo wa juu.

Ukitaka ushahidi kwamba ubaya uko katika kubadilika kwa unyevu, tazama yaliyowapata watu wa National Gallery, jumba la picha la London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walizihamisha picha zao kwenda kwenye machimbo ya mawe ya Manod, huko Wales, na kuanzia 1941 zilikaa ndani ya mlima ambamo joto lilikuwa nyuzi 17 na unyevu asilimia 42, mchana na usiku, kiangazi na majira ya baridi. Kazi ya kugandisha rangi iliyobanduka, ambayo London ilikuwa haiishi, ilikaribia kutoweka kabisa. Picha ziliporejeshwa mjini 1945, katika vyumba vilivyokuwa vikipashwa joto na kupoa, rangi ilianza tena kubanduka. Angalia kwamba asilimia 42 ni kavu kuliko wengi wangependekeza, lakini ilikuwa tulivu. Vivyo hivyo monasteri ya Mtakatifu Katerina, chini ya Mlima Sinai, imehifadhi ikoni, yaani picha takatifu, za mbao tangu karne ya sita katika hewa kavu ya jangwa.

Kwa hiyo sikushauri utafute namba moja takatifu. Makumbusho mengi makubwa siku hizi hukubali unyevu uende polepole kati ya asilimia 40 na 60, badala ya kuushikilia palepale kwa gharama kubwa. Wahifadhi wana kanuni nyingine ambayo mimi naiheshimu zaidi: picha iliyokaa mahali pamoja miaka mingi bila kuharibika imekwisha kuthibitisha kuwa inaweza kustahimili mabadiliko ya mahali pale. Picha zenu zilistahimili masika na viangazi vya Tabora kwa takriban karne nzima, chini ya vigae vizito na dari. Picha ni zilezile na majira ni yaleyale. Mliloondoa ni blanketi lililokuwa juu yao.

Vipingo vya skrubu visipigwe, mafuta yasipakwe. Kuhusu kiyoyozi nitaeleza nikipata nafasi.

Mwalimu wa Fizikia, Tabora

Mama, shikamoo. Naomba kuongeza hesabu ndogo ambayo huwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kwa sababu inaonyesha vizuri mabati yanavyofanya kazi hiyo mbaya.

Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba mvuke wa maji usiozidi gramu 17 hivi. Hewa hiyo ikifika nyuzi 30, uwezo wake unapanda hadi karibu gramu 30. Tuseme asubuhi ndani ya kanisa kuna nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, yaani gramu 10 na kidogo katika kila mita ya ujazo. Jua likipiga mabati hadi saa nane mchana na hewa ya ndani ikafika nyuzi 30, maji yaliyomo ni yaleyale gramu 10, hakuna aliyeyatoa, lakini kwa kipimo cha asilimia unyevu umeanguka hadi karibu 34. Mbao haihesabu gramu. Inafuata hiyo asilimia. Chini ya dari na vigae joto la ndani lingepanda nyuzi chache tu, na unyevu usingeanguka hivyo.

Kutokana na hesabu hiyo, ndugu Msakristia, funga madirisha kuanzia saa tano asubuhi katika miezi hii ya Septemba na Oktoba, kwa kuwa upepo wa alasiri wa huku kwetu ni wa moto na mkavu, nawe ukiuingiza unaongeza tatizo. Masika usiyaache wazi usiku. Nunua haigromita, yaani vipimo vya unyevu wa hewa, mbili za bei ndogo, moja uiweke nyuma ya picha na nyingine katikati ya kanisa, uandike kipimo saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Kabla ya kuziamini ziweke pamoja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zikiwa na kikombe cha chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo hadi iwe kama uji mzito; baada ya muda wa saa nane hivi zinapaswa kusoma karibu asilimia 75. Inayosoma 70 utajua kuiongezea 5.

Seremala, Ujiji

Nawasalimu wote, na kwako Mama, shikamoo.

Mimi si mtu wa picha, lakini mbao nimezishika miaka thelathini, na yaliyosemwa hapo juu nimeyaona kwenye milango. Mwaka mmoja nilipokea mlango wa mninga uliotengenezwa Tabora mwezi wa kumi, mzuri, umeingia kwenye fremu kama kidole kwenye pete. Niliufunga katika nyumba iliyo karibu na ziwa. Desemba mwenye nyumba akaja kulalamika kwamba haufungi, nami nikaenda kuuranda ubavuni. Julai akaja tena kunionyesha mwanga unaopita pembeni. Mninga wenyewe unajulikana kwa kutulia kuliko mbao nyingi, sembuse mwaloni. Tangu siku hiyo sirandi mlango masika kabla ya kumwuliza mwenyewe ulikuwaje kiangazi.

Kwa huyo fundi mwenzangu wa Tabora nasema kwa heshima: skrubu na gundi kwa kukatisha nyuzi ni kuufunga mti mikono. Kipingo hakifupiki kwa urefu wake, ilhali ubao unafupika kwa upana wake, na hao wawili ukiwagandisha pamoja lazima mmoja apasuke, naye atakuwa ubao. Tukitengeneza meza tunatoboa tundu refu ili skrubu itelezeshwe, au tunachimba mfereji uliopanuka chini, kipingo kikaingia kwa kuteleza bila tone la gundi. Hata hivyo sidhani ningechimba mfereji kwenye mgongo wa picha ya miaka mia.

Hapo ndipo ninapouliza kwa nia ya kujifunza. Sisi tukitengeneza kabati tunapaka vanishi mbele na nyuma, ili pande zote zipumue kwa kasi moja, na ubao usipinde. Mama amesema mgongo wa picha uko wazi na ndiyo sababu ya kupinda. Je, kwa nini wasipake vanishi nyuma, wakamaliza shida?

Mhifadhi Mstaafu, Kigoma

Fundi, umesema kweli tupu kuhusu vipingo, na Ulaya walilipa gharama kubwa kabla ya kulikubali. Katika karne ya 19 warejeshaji wengi walikuwa wakiuranda mgongo wa picha hadi uwe mwembamba, wakaunyoosha, kisha wakagundisha fremu ya fito: zile zinazofuata nyuzi ziligandishwa, na zile zinazozikatisha ziliachwa ziteleze katikati yake. Kinadharia ilikuwa sawa na mfereji wako. Lakini mbao zilipopinda kidogo, fito za kuteleza zilibanwa zikakwama, na picha zikapasuka kati ya fito na fito. Kazi kubwa ya wahifadhi wa baadaye imekuwa kuzifungua fremu hizo.

Kuhusu vanishi, kwenye kabati jipya uko sahihi kabisa, kwa kuwa unapaka mbao ambayo haijapata historia. Mgongo wa picha hizi umekwisha kupondwa na kufupika, na mpindo wake wa leo ndio utulivu wake. Ukiupaka vanishi unabadilisha mwendo wa unyevu kwa ghafla, hujui itaelekea wapi, na dutu iliyopenya kwenye vinyweleo vya mbao kuukuu haitoki tena. Mafuta ni mabaya zaidi, kwa maana yanapita nyufani hadi kwenye lile tabaka la chaki na kulitia doa, na siku mtaalamu atakapokuja kugandisha rangi, gundi yake haitashika. Kiu ya mbao ni ya maji yaliyomo hewani, haitulizwi kwa mafuta.

Lengo lako, fundi, linaweza kufikiwa bila kupaka kitu. Kata ubao mwembamba wa plaiwudi wenye ukubwa wa fremu, uufunge kwenye fremu, si kwenye picha, ukiacha uwazi wa sentimita moja au mbili kati yake na mgongo wa picha. Ile hewa kidogo iliyofungiwa hapo hubadilika polepole, na mgongo haupigwi tena na upepo wa kila siku. Picha yenyewe ishikwe ndani ya fremu kwa vibanio vyepesi vyenye kitambaa laini, vinavyoiacha isogee. Halafu fremu nzima iachane na ukuta kwa vijiti vya sentimita mbili au tatu. Huku Kigoma, ambako hewa ya ziwa na mvua hukutana, nimeona picha zilizobandikwa ukutani bila nafasi zikiota ukungu mgongoni, kwa sababu unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi ukungu hupata maisha.

Kiyoyozi kinachowashwa Jumapili pekee ningekikataa kwa shukrani. Kitakausha na kupoza hewa kwa saa tatu, kisha kitazimwa, au umeme utakatika, na kanisa litarudi lilikotoka kabla ya jua kuzama. Mtakuwa mmezipa picha majira mawili kila wiki, ambapo Mwenyezi Mungu alizipa mawili kwa mwaka. Mwombeni mfadhili huyohuyo fedha za dari. Dari ya mbao au ya silingi bodi, yenye nafasi ya hewa kati yake na mabati na matundu ya kutolea joto kwenye pembetatu za ukuta, itazifaa picha, na waumini pia wanaokaa chini ya joto hilo.

Hadi dari ipatikane, vituo vilivyoko kwenye ukuta unaopigwa na jua la magharibi vihamishiwe ukuta wa ndani. Kituo cha sita kishushwe na watu wawili, kilazwe juu ya meza uso ukielekea juu, kisifutwe vumbi wala kupulizwa. Vile vipande ulivyookota tia katika bahasha ya karatasi, uandike ni vya kituo gani na viliangukia wapi, kwa kuwa vinaweza kurudishwa mahali pake. Andikeni barua kwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mkiambatanisha picha mlizopiga huku tochi ikimulika kutoka ubavuni, ili matuta yatoe vivuli.

Msakristia, Tabora

Mama, shikamoo, na nyote nawashukuru kwa moyo wote. Kituo cha sita kimelazwa meza ya sakristia, vituo vinne vya magharibi vimehamishwa. Haigromita niliijaribu kwa chumvi, ikasoma 72, kwa hiyo naiongezea 3. Jana saa moja asubuhi nilipata 55, na saa nane mchana 29. Nilisoma namba hizo mbele ya kamati nzima, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyezungumzia kiyoyozi; wamekubali kumwandikia mfadhili kuhusu dari.

Limebaki swali moja. Fundi amekubali kuacha vipingo, lakini anaomba angalau aujaze ufa wa kituo cha kumi na moja kwa unga wa mbao na gundi sasa hivi, kabla mvua hazijaanza, ili usizidi kufunguka. Nimruhusu?

Mhifadhi Mstaafu, Kigoma

Usimruhusu, mwanangu. Mwezi huu ufa huo uko katika upana wake mkubwa kuliko wakati wowote wa mwaka. Akiujaza leo, mvua za Novemba na Desemba zitakapovimbisha mbao, zile mbao mbili zitataka kurudiana na kukuta mahali pao pamekaliwa. Zitapondana kando ya kiungo, rangi ya pande zote mbili itanyanyuka, na kiangazi kijacho ufa utafunguka zaidi ya huu, au utapasuka mpya pembeni yake.

Kata ukanda wa karatasi ngumu, uuweke nyuma ya picha ukikatisha ufa, uushike upande mmoja tu kwa uzi kwenye fremu bila gundi kugusa mbao, na kwa penseli uweke alama kwenye karatasi mahali ukingo wa pili wa ufa ulipo leo. Tia alama nyingine kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili, masika yakiwa yamekolea, utuandikie umekuta nini.